Gitaa la Sauti Nzito, Briji ya Sauti Kali

Gitaa langu lina mwili wa mahogani, shingo iliyogandishwa kwa gundi, na hambaka mbili, yaani pikapu (vifaa vya sumaku na waya vinavyogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme) zenye koili mbilimbili za waya ili kufuta mvumo. Kila anayelipiga huanza kwa kusifia unene wake. Pikapu ya shingoni ni nono na tamu, ukicharaza kodi (noti kadhaa kwa pamoja) za taratibu hutaki kuhama. Shida ilikuwa upande wa pili wa swichi ya kuchagua pikapu. Pikapu ya briji (briji ni pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili), ambayo kazi yake ni kupenya, ilisikika kama mtu anayezungumza akiwa amejifunika blanketi. Si kwamba ilikuwa dhaifu. Nguvu ilikuwa nayo tele, tena ya kuifanya amplifaya ianze kukwaruza mapema. Ila nguvu yote hiyo ilikaa katikati, juu hakuna kitu.

Kwa muda nilijitibu kwa kupandisha trebo (sauti za juu) ya amplifaya. Inasaidia, lakini kwa gharama. Shingo, ambayo haikuwa na tatizo lolote, ilianza kuparuza masikio, na briji ikaongeza mvumo kuliko mwanga. Sababu yake ni kwamba koili ya pikapu, ikiungana na kebo, ni kichujio. Kuna sehemu kwenye masafa ambapo sauti huinuka na kufanya kilele, kisha kuanzia hapo kwenda juu huporomoka kwa kama desibeli 12 kwa kila oktavu. Trebo ya amplifaya huinua kile kilichoifikia. Kilichochujwa ndani ya gitaa hakijafika, kwa hiyo unachokiinua zaidi ni kelele za pedali na za amplifaya yenyewe.

Nikalipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima ambaye ametengeneza magitaa maisha yake yote. Nikamwambia, "Fundi, hii briji nataka ing'are." Hakuinua hata kichwa.

"Ing'are wapi, mwanangu? Ukiwa peke yako chumbani, au mkiwa wote na dramu?"

"Tukiwa wote, fundi."

"Basi usije ukachagua pikapu ukiwa chumbani."

Kisha akafanya jambo ambalo tangu siku hiyo nalifanya kwa kila gitaa ninaloombwa ushauri. Bila kufungua skrubu hata moja, alichomeka kebo kwenye gitaa, akafungua volyumu hadi mwisho, akaweka swichi kwenye briji, halafu akagusisha ncha za multimita kwenye plagi ya upande wa pili wa kebo: moja kwenye kichwa cha plagi, nyingine kwenye shina lake. Ikasoma kiloomu 14.6 za ukinzani wa umeme. Akanieleza kwamba potensiomita ya volyumu, yaani kile kidude kilicho chini ya kitasa, imekaa sambamba na koili, hivyo inapunguza usomaji kidogo, na pikapu yenyewe iko karibu na 15. Ya shingoni ilisoma 7.7. "Hii imejaa waya," akasema, akimaanisha ya briji, na akairudisha swichi mahali pake.

Kwa nini kiwanda kijaze waya kwenye pikapu ya briji? Kuna mantiki. Uzi wa gitaa, karibu na pale ulipofungwa, hauchezi sana. Ukipiga uzi wazi na kuutazama, katikati unapanuka hadi unaonekana kama ukungu, lakini karibu na briji ni kama umetulia. Pikapu iliyo pale inapata mtikisiko mdogo, hivyo sauti yake kwa asili ni ya chini kuliko ya shingo, na sauti ya msingi ya noti ni hafifu ikilinganishwa na harmoniki zake za juu. Ndiyo maana briji inang'ara. Mtengenezaji anayetaka briji ilingane na shingo kwa ukubwa wa sauti huongeza mizunguko ya waya. Hapo ndipo biashara inapokuwa ngumu, maana kila mzunguko unaouongeza unaongeza sauti, na wakati huohuo unakishusha kile kilele. Ukizidisha, umeipa briji nguvu ya shingo na umeinyang'anya kilichoifanya iwe briji.

Hambaka za kwanza, zile alizobuni Seth Lover mwaka 1955 akiwa kampuni ya Gibson na zikaanza kuonekana kwenye magitaa yao mwaka 1957, zilikuwa na ukinzani wa kiloomu 7 hadi 9 hivi, na ya briji haikutofautishwa kwa makusudi na ya shingo. Mashindano ya nguvu yalishika kasi miaka ya 1970, wapigaji walipotaka amplifaya zikwaruze bila kuziumiza. Ni kitu halali kabisa. Kwenye gitaa jembamba lenye sauti kavu, pikapu iliyojaa waya huongeza nyama panapohitajika. Kwenye gitaa ambalo tayari limeshiba, unaongeza nyama juu ya nyama.

Sasa kuhusu namba ya kiloomu, maana hiyo ndiyo namba inayoandikwa kwenye kila pakiti na ndiyo watu wanayobishania. Ukinzani si kipimo cha mwanga. Ni ukinzani wa waya tu. Waya wa namba 42, uliotumika kwenye hambaka za zamani, una kipenyo cha kama milimita 0.063, wa namba 43 ni kama 0.056. Zungusha mizunguko ileile kwa waya mwembamba zaidi, kiloomu zinapanda na sauti haibadiliki kiasi hicho. Pikapu ya JB ya kampuni ya Seymour Duncan huandikwa kiloomu 16 na ushee, na bado kuna watu wanailalamikia kwamba makali yake ya sauti za kati za juu yamezidi. Hata joto linaingia: shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya Selsiasi, hivyo koili ya kiloomu 8 ikipimwa kwenye chumba cha baridi na kisha kwenye jua inaweza kutofautiana kwa 0.3 na zaidi. Nimewahi kuona watu wawili wakigombana juu ya pikapu ya 8.1 na ya 8.3. Niliwaacha.

Namba yenye maana zaidi ni indaktansi, yaani tabia ya koili kupinga mabadiliko ya mkondo wa umeme, inayopimwa kwa henri, na kwa bahati nzuri watengenezaji wengi siku hizi huiweka wazi. Hambaka ya mtindo wa zamani huwa na henri 4 hadi 5 hivi. Iliyojaa waya hufika 8 na kupita. Pikapu ya koili moja ya aina ya gitaa la Stratocaster huwa kama 2 na nusu. Chukua indaktansi hiyo, changanya na kapasitansi ya kebo (uwezo wake wa kuhifadhi chaji ya umeme), na unapata mahali kilele kinapokaa. Nilipiga hesabu kwa kebo yangu ya mita 6, nikikadiria pikofaradi 100 kwa mita, na nyingine 100 za koili yenyewe: pikapu ya henri 8 inakaa kwenye kilohezi 2.1 hivi, na ya henri 4.4 inakaa kwenye 2.9. Kwa masikio, tofauti hiyo ni sauti inayobanwa puani dhidi ya sauti inayofunguka. Pikapu yangu ya zamani ilikuwa palepale kwenye pua.

Lakini hesabu hiyohiyo ilinifungua macho upande mwingine. Nikiacha pikapu ileile ya henri 8 na kubadilisha kebo iwe ya mita 3, kilele kinapanda hadi 2.8. Yaani kebo fupi peke yake inaipeleka pikapu nzito karibu na mahali pa pikapu nyepesi kwenye kebo ndefu. Nani aliwahi kuniambia hivyo? Tunanunua pikapu mpya huku tukitembea na kebo ya kuvukia barabara.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela nilijaribu vitu ambavyo ama ni bure, ama vitabaki kuwa na faida hata pikapu ikibadilishwa. Kebo ndiyo ya kwanza, na tofauti ilisikika mara moja. Anayetumia pedali yenye bafa (saketi inayoitenga pikapu na kebo za mbele yake) mwanzoni mwa mnyororo anahitaji kuhesabu ile kebo ya kutoka kwenye gitaa hadi kwenye bafa tu. Iliyo mbele ya hapo haiihusu pikapu tena. Anayetumia pedali zisizo na bafa hata moja anajumlisha zote, pamoja na vikebo vifupi vya katikati.

Nyuzi nazo. Nilikuwa natumia nyuzi za nikeli tupu, ambazo ni laini na zina mwanga mdogo. Za chuma kilichopakwa nikeli zinang'ara zaidi, na za chuma kisichoshika kutu zinazidi hapo. Nilihamia hizo za kati. Na hapa niseme jambo dogo ambalo linaharibu majaribio ya watu wengi: usilinganishe pikapu ya jana yenye nyuzi zilizochoka na ya leo yenye nyuzi mpya. Pikapu mpya karibu siku zote hufungwa pamoja na nyuzi mpya, na sifa zote inapewa pikapu.

Umbali kati ya pikapu na nyuzi ndio uliokuwa na utajiri zaidi, na sikutegemea. Nilibonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, nikapima nafasi kati ya upande wa chini wa uzi na kichwa cha skrubu ya pikapu. Ilikuwa milimita 1.5 pande zote mbili, karibu mno. Nikashusha upande wa besi hadi 3 na upande wa nyuzi nyembamba hadi 2.5. Nguvu ikapungua, lakini noti zikaanza kutengana. Kodi yenye nyuzi sita ikasikika kama nyuzi sita badala ya donge. Halafu nikapandisha zile skrubu ndogo za chini ya kila uzi, moja moja, kwa nusu mzunguko, huku mwili wa pikapu ukibaki chini. Hiyo huielekeza sumaku zaidi kwenye koili ya skrubu, ile iliyo upande wa briji, na sauti inakaza kidogo. Ni bisibisi tu, na unaweza kurudisha kila kitu ulivyokikuta.

Potensiomita niliziacha za mwisho kwa sababu zinahitaji kulehemu. Yangu ya volyumu ya briji imeandikwa 500, lakini nilipoitoa na kuipima ilisoma 418. Si hitilafu, nyingi hutengenezwa kwa ruhusa ya kukosea asilimia 20 juu au chini. Kazi ya potensiomita ni tofauti na ya kebo: kebo inakihamisha kilele, potensiomita inakipunguza urefu. Thamani ndogo inakibonyeza hadi sauti inakuwa bapa, thamani kubwa inakiacha kisimame. Nikatafuta moja iliyosoma 540 na nikaifunga hapo. Mabadiliko yalikuwepo, ingawa madogo. Mtu ambaye gitaa lake la hambaka limefungwa potensiomita za 250 ataona makubwa kuliko niliyoyaona mimi.

Baada ya yote hayo briji ilikuwa imepona nusu. Ilikuwa wazi zaidi, lakini bado ina lile banio la puani pindi unapoongeza distoshoni (ule mkwaruzo wa amplifaya). Ingekuwa na nyaya nne, mbili kwa kila koili, ningejaribu kuziunganisha koili zake mbili sambamba badala ya mfululizo. Indaktansi inashuka hadi kama robo, mvumo unabaki umefutwa, na mwanga unakuwa mwingi, japo sauti inapungua. Yangu ilikuwa na waya mmoja uliozungushiwa wavu wa chuma, mtindo wa kizamani, kwa hiyo njia hiyo ilikuwa imefungwa.

Fundi ana droo ya pikapu zilizotolewa kwenye magitaa ya watu, nyingine nzuri kabisa, zimetolewa kwa sababu mwenyewe alichoka nazo. Aliniazima tatu kwa zamu, kwa sharti kwamba nizipeleke mazoezini.

Ya kwanza ilikuwa ya Alniko 2. Alniko ni aloi ya chuma yenye aluminiamu, nikeli na kobalti, na namba inaonyesha daraja la mchanganyiko. Ya 2 ni sumaku dhaifu kuliko ya 5. Chumbani niliipenda sana. Ilikuwa na ukinzani wa kiloomu 8, sauti za juu tamu zisizochoma, noti zinachanua polepole. Mazoezini ilipotea. Besi ya gitaa ikaingia kwenye besi la mwenzangu, utamu wa juu ukafunikwa na matoazi, na mimi nikawa naona vidole vyangu vinatembea bila kusikia kinachotoka. Ni pikapu nzuri kwa gitaa kavu. Kwenye gitaa langu ilikuwa laini juu ya laini.

Ya pili ilikuwa ya sumaku ya seramiki, yenye waya wa wastani. Watu huihukumu seramiki vibaya, wakidhani ni kitu cha bei rahisi, kumbe ni sumaku yenye nguvu tu. Kinachoamua ni koili iliyowekwa juu yake. Hii ilipenya. Kwa distoshoni ilikuwa safi ajabu, kila noti imesimama, na sehemu za nyuzi nene zikikatwa kwa kiganja zinalia kama zimepimwa kwa rula. Ila nilipopunguza volyumu ili nipige bila kukwaruza, ikawa na ubaridi nisiouweza. Ningekuwa napiga muziki mzito tu, nisingeendelea kutafuta.

Ya tatu ilikuwa ya Alniko 5, kiloomu 7.9, waya namba 42, wazi, bila kifuniko cha chuma. Kuhusu kifuniko: cha aloi ya nikeli na shaba, ile wanayoiita fedha ya nikeli ingawa haina fedha, hupunguza mwanga kidogo sana, cha shaba ya njano (brasi) hupunguza zaidi, kwa sababu mikondo midogo ya umeme inayozaliwa ndani ya chuma chenyewe hula sehemu ya sauti za juu. Nilitaka kila chembe, nikaona iwe wazi. Shingo inang'aa kwa kifuniko chake, briji ina koili nyeusi zilizo uchi. Macho yalizoea.

Chumbani hii ya tatu haikunifurahisha. Ilikuwa nyembamba, karibu ya kifidhuli, na uzi wa kwanza ulikuwa unauma. Mwenzangu wa chumba cha pili aliniomba nipunguze, jambo ambalo hakuwahi kuomba nilipokuwa na ile yenye nguvu maradufu. Mazoezini, mpiga dramu alipoanza na besi likaingia, ule wembamba ukawa nafasi. Nilisikika bila kupandisha volyumu. Mahogani ikaleta unene wake chini ya kila noti, na pikapu ikakaa juu ya unene huo bila kuufuta. Mwimbaji, ambaye hana habari na sumaku wala waya, aliuliza kama nimebadilisha amplifaya. Hapo nikaelewa kwa nini fundi aliuliza lile swali kabla ya kushika multimita.

Nikanunua ya aina hiyo, mpya, na kabla ya kununua nikapima upana wa nyuzi. Kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa sita, juu ya pikapu ya briji, yangu ni milimita 50 na ushee. Magitaa yenye briji ya mkono wa kutikisia mara nyingi hufika 52 au 53, na watengenezaji hutoa saizi mbili kwa sababu hiyo. Skrubu zikiwa zimekosa mahali pake kidogo hutasikia kasoro kubwa, lakini kwa nini ununue kitu kisichokaa sawa?

Kuifunga hakukuwa na maajabu, isipokuwa mgongo wa potensiomita. Ule wavu wa chuma wa pikapu ya zamani ulikuwa umelehemiwa hapo kwa bonge la risasi, na bati la potensiomita linanyonya joto lote. Unaweka ncha ya pasi ya kulehemu, hakuna kinachotokea, unasubiri, ghafla bonge linabadilika kutoka kijivu cha vumbi kuwa kioo, na hapo una sekunde chache za kuchomoa kabla hujaunguza njia ya kaboni iliyo ndani. Pasi dhaifu ni mbaya kuliko yenye nguvu kwa kazi hii, kwa kuwa unaishikilia muda mrefu mno. Nyaya za pikapu mpya zilikuwa nne pamoja na ule usio na ganda. Rangi zake hazina kanuni moja, kila mtengenezaji ana mpangilio wake, kwa hiyo nilifuata karatasi iliyokuja nayo wala si kumbukumbu ya pikapu nyingine.

Nilipowasha, briji ilikuwa sawa, shingo ilikuwa sawa, ila swichi ikiwa katikati sauti ilikuwa tupu na ya bati, kama besi imekatwa. Hiyo ni dalili ya pikapu mbili zinazosukuma kinyume. Hutokea ukichanganya watengenezaji, na dawa yake ni kugeuza nyaya mbili za pikapu moja. Muhimu ni kugeuza ile yenye nyaya nne. Ya shingoni kwangu ina kifuniko kilichoungwa na wavu wake. Ningegeuza hiyo, kifuniko kingekuwa upande wa umeme wa sauti na kingevuma kila nikikigusa kwa mkono. Nikageuza ya briji, ule waya usio na ganda nikauacha kwenye ardhi ya umeme, katikati ikajaa.

Wakati gitaa limefunguliwa nikafanya na kazi nyingine iliyokuwa inaningoja. Nilihamisha mguu wa kapasita ya toni (kile kijisehemu kinachopunguza sauti za juu ukigeuza kitasa cha toni) kutoka upande wa pikapu wa volyumu hadi mguu wa katikati, mpangilio wa magitaa ya miaka ya 1950, ambao unalinda sauti za juu unapopunguza volyumu. Ubaya wake ni kwamba volyumu na toni huanza kuingiliana kidogo, ukigusa moja unaisikia kwenye nyingine. Kwangu ni bei ndogo. Na kapasita ya 0.047 nikaiondoa, nikaweka ya 0.022 mikrofaradi, maana ile ya kwanza ukipunguza toni kidogo tu inakutupa gizani.

Kazi iliyobaki ilikuwa mizani kati ya pikapu mbili. Briji mpya ina sauti ya chini kuliko ya zamani, hivyo shingo ikawa inaimeza. Wengi hapa hupandisha briji hadi inagusa nyuzi. Mimi nilianza na shingo, nikaishusha hadi milimita 3.5 upande wa besi na 3 upande wa nyuzi nyembamba, kisha nikaleta briji kwenye 2.5 na 2. Nyuzi zina uhuru, noti zinadumu, na tofauti ya sauti iliyobaki ni ndogo kiasi kwamba naipenda: nikitoka shingoni kwenda briji kupiga solo, sauti haipandi sana, inachongoka tu. Amplifaya nimeipandisha kidogo kufidia. Yenyewe haijalalamika.

Skrubu ya uzi wa tatu niliishusha robo mzunguko, kwa kuwa uzi huo usiosokotwa ulikuwa unapiga kelele kuliko wenzake. Trebo ya amplifaya imerudi katikati, ambapo shingo inaipenda. Toni ya briji huwa naiweka kwenye 7. Nikiwa na mpiga matoazi mwenye mkono mzito naipeleka 9, na chumbani, kwa ajili ya mwenzangu wa chumba cha pili, 5.